Kura Pekee Haitoshi: Elimu na Desturi Zinazoibeba Demokrasia



Kila mwaka, msimu wa mikutano mikuu ufikapo, vyama vyetu vya msingi hufanya tendo ambalo mataifa mengi yalilipigania kwa miaka mingi. Wanachama hukaa pamoja, husomewa hesabu za mali yao, huwahoji wale waliowapa dhamana, kisha huchagua au huondoa viongozi kwa kura. Mwenye shamba la ekari 20 na mwenye nusu ekari huinua mkono mmoja tu kila mtu. Hilo si jambo dogo.

Walakini mkaguzi asomaye mihtasari ya mikutano hiyo hukuta aghalabu sentensi moja ikijirudia toka chama hata chama: "Hesabu zilisomwa na wajumbe wote wakazikubali." Hakuna swali lililoandikwa, hakuna hoja iliyopingwa, wala hakuna tarakimu iliyofafanuliwa. Kura imepigwa. Je, demokrasia imekuwapo?

Makala hii yakusudia kulijibu swali hilo. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba kura ni hatua ya mwisho katika kazi ndefu. Hatua zinazoitangulia ni elimu na desturi, na hizo hazizaliwi na mtu bali hufundishwa. Kwa mfano tutaitazama nchi ndogo ya Denmark, kaskazini mwa Ulaya. Nchi hiyo yatufaa kwa sababu mbili. Kwanza, wakulima wake walijenga vyama vya ushirika na demokrasia ya taifa lao katika kipindi kimoja. Pili, baadhi ya mbegu za elimu yao, na ya jirani zao wa Sweden, zilifika hadi kwetu Tanzania.

MAANA YA DEMOKRASIA HURIA

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Demokrasia huria ina nguzo tatu. Ya kwanza, viongozi huwekwa na huondolewa kwa kura za wananchi. Ya pili, sheria iko juu ya kiongozi na raia sawasawa. Ya tatu, walio wachache hubaki na haki ya kusema, kuandika, kukutana na kuabudu, hata baada ya kushindwa katika kura. Wahenga walisema "wengi wape", na neno hilo ni la haki. Lakini hawakusema wachache wanyang'anywe. Chama ambacho wengi hushinda leo, na kesho huwafunga mdomo walioshindwa, kina kura lakini hakina demokrasia huria.

Nguzo hizo zaweza kuandikwa vizuri katika katiba na bado zikaanguka. Ujerumani ilikuwa na katiba ya namna hiyo tangu 1919, na wananchi wake walikuwa miongoni mwa watu waliosoma zaidi duniani. Hata hivyo, tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler aliteuliwa kuwa Kansela, na tarehe 23 Machi mwaka huo Bunge lenyewe lilipiga kura kuipa serikali uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Waliokubali walikuwa 444, waliokataa 94, wote wakiwa wa chama kimoja cha wafanyakazi. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamekwisha kukamatwa au kukimbia. Sababu zilikuwa nyingi: kushindwa vitani, fedha kupoteza thamani, mamilioni ya watu kukosa kazi, na vitisho barabarani. Lakini somo moja liko wazi. Kujua kusoma, peke yake, hakumfanyi mtu kuwa raia wa demokrasia. Wasomi wengi wa nchi ile hawakuwa wamejifunza kumtazama mpinzani wao kama mwananchi mwenzao.

Basi, ni elimu ya namna gani itakiwayo? Hapa ndipo mfano wa Denmark unapotufaa.

WAKULIMA KABLA NA BAADA YA KATIBA

Hadi 1788, mwanamume wa kijijini huko Denmark alifungwa kwa sheria katika shamba la bwana mkubwa alikozaliwa, wala hakuwa na ruhusa ya kuhama katika miaka yake ya nguvu. Mwaka huo kifungo hicho kilianza kuondolewa. Mwaka 1814 ilitolewa sheria ya elimu iliyowapasa watoto wote, wa mjini na wa shamba, kusoma kwa miaka 7. Mwaka 1841 vijiji vilipata mabaraza yao ya kusimamia shule, barabara na matunzo ya maskini. Hatimaye, tarehe 5 Juni 1849, mfalme alitia sahihi katiba iliyokomesha utawala wa mtu mmoja.

Msomaji ataona mpangilio wa miaka hiyo: uhuru wa mwili kwanza, kisha kusoma, kisha kuendesha mambo madogo ya kijiji, ndipo ikaja kura ya taifa. Na kura yenyewe ilikuwa na mipaka. Walioruhusiwa walikuwa wanaume wa miaka 30 na zaidi wenye kaya zao wenyewe. Wanawake, watumishi wa mashambani na waliopewa msaada wa maskini hawakuruhusiwa. Wanawake walisubiri hadi 1915 ndipo wakapata haki ya kupiga kura ya Bunge.

Kabla ya katiba hiyo kutungwa, mtu mmoja alikuwa ameona hatari iliyokuwa inakuja. Huyo ni Nikolai Frederik Severin Grundtvig (1783–1872), mchungaji, mshairi na mwanahistoria. Mashaka yake yalikuwa haya: mkulima atakapoketi katika baraza moja na wanasheria, maofisa na mabwana wa mashamba, atasema nini? Atanyamaza, au ataitikia tu yasemwayo na wasomi. Shule kubwa za wakati ule zilifundisha Kilatini na kukaririsha. Grundtvig alizilaumu kwamba zinafundisha mauti badala ya uhai.

Kati ya 1829 na 1831 alizuru Uingereza mara tatu, akavutiwa na vyuo ambamo walimu na wanafunzi waliishi pamoja na kuzungumza pamoja. Akatoa shauri la kuwa na chuo cha watu wazima wa kawaida: kisicho na mtihani wala cheti, kinachotumia lugha ya mama, ambamo mwalimu hujifunza kutoka kwa mwanafunzi kama mwanafunzi ajifunzavyo kwake. Chuo cha kwanza cha wananchi cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding tarehe 7 Novemba 1844. Mwaka 1851 mwalimu Christen Kold, mtoto wa fundi viatu, alifungua chuo chake huko Ryslinge, naye ndiye aliyekifanya chuo cha wananchi kuwa mahali pa kijana wa mkulima hasa: chakula cha kijijini, malazi ya kijijini, maneno ya kijijini. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani na Prussia pamoja na Austria, ikapoteza sehemu kubwa ya nchi yake. Baada ya pigo hilo vyuo vilienea upesi, kwa kuwa watu waliona kwamba taifa lililopungua kwa ardhi halina budi kukua kwa watu wake.

Vijana wa kiume walikwenda chuoni majira ya baridi, wakati kazi za shamba zimepungua. Wasichana walikwenda majira ya kiangazi. Walisoma historia, walisikiliza mihadhara, waliimba pamoja, wakafanya hesabu na kuandika. Mtu aweza kuuliza: kuimba na historia vina faida gani kwa mwenye ng'ombe sita? Faida yake ilikuwa kwamba kijana aliyekulia kijiji kimoja alilala chumba kimoja na kijana wa mbali, akasikia maoni asiyoyazoea, akasimama mbele ya watu akasema neno lake bila kutetemeka, akapingwa, akaketi bila kununa. Alirudi nyumbani bila cheti, lakini alikuwa amejifunza kuhudhuria mkutano.

MAZIWA, MIZANI NA KURA

Katika miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Amerika na Urusi ilimiminika Ulaya, na bei ikaanguka. Mkulima wa Denmark aliyetegemea kuuza nafaka alikuwa mashakani. Wengi waliamua kugeukia siagi na nyama ya nguruwe kwa soko la Uingereza. Wakati huo huo ulikuwa umevumbuliwa mtambo wa kuzungusha maziwa na kutenga malai, lakini mtambo huo ulikuwa ghali kuliko uwezo wa mkulima mmoja.

Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, magharibi mwa Jutland, wakulima walikubaliana kuwa na kiwanda kimoja cha maziwa. Walikopa kwa dhamana ya pamoja. Kila mmoja aliahidi kuleta maziwa yake yote isipokuwa ya matumizi ya nyumbani. Maziwa yaliyoenguliwa malai alirudishiwa kulisha nguruwe. Na faida iligawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoyaleta. Mfano huo ulienea, na kufikia mwanzo wa karne ya ishirini viwanda vya ushirika vya maziwa nchini humo vilizidi 1,000. Huko Horsens, mwaka 1887, wakulima walifungua kiwanda cha kwanza cha ushirika cha nyama ya nguruwe.

Jambo litupasalo kulishika ni hili. Faida iligawanywa kwa maziwa, lakini katika vyama vilivyo vingi kura haikugawanywa kwa maziwa. Wadenmark walikuwa na msemo kwamba kura zihesabiwe kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe. Mwenye ng'ombe 40 alilipwa zaidi, lakini katika mkutano alikuwa mtu mmoja kama jirani yake.

Isidhaniwe kwamba kila mkulima wa viwanda vile alipita chuoni. Walio wengi hawakupita. Wala isidhaniwe kwamba waliaminiana kwa kupendana tu. Maziwa ya kila mwanachama yalipimwa, na baadaye malipo yalifuata kiasi cha mafuta yaliyomo, ili asiwepo wa kulipwa kwa maji. Hapa pana fundisho kubwa: mizani na daftari haviui uaminifu, bali huulinda. Sisi twasema "mali bila daftari huisha bila habari". Wao waliliweka neno hilo katika kila ndoo ya maziwa. Na mtu aliyezoea kukagua mizani ya chama chake hakuona ajabu kudai kukagua hesabu za serikali yake.

Hata hivyo tusipambe mno. Kibarua asiye na ng'ombe hakuwa na kura katika kiwanda, na kwa muda mrefu mke aliyekamua ng'ombe hao hakusikika mkutanoni. Desturi njema ya watu fulani yaweza kuwaacha wengine nje ya mlango, na kazi ya elimu ni kuufungua mlango huo pia.

KUSHINDWA BILA KUVUNJA

Demokrasia hujaribiwa zaidi siku ya kushindwa kuliko siku ya kushinda. Wakulima wa Denmark walijaribiwa hivyo. Kuanzia 1875 hadi 1894 serikali iliongozwa na J. B. S. Estrup, mwenye mashamba makubwa, ingawa chama cha wakulima kilikuwa na wingi katika baraza la chini la Bunge. Bunge lilipokataa makisio yake ya fedha, kuanzia 1885 alitawala kwa sheria za fedha za muda bila idhini ya wabunge. Wakulima walikasirika, wengine wakagoma kulipa kodi. Lakini hawakuyachoma mashamba ya mabwana. Walijenga viwanda vya maziwa, vyuo na nyumba za mikutano, wakaendelea kushinda chaguzi. Mwaka 1901 mfalme aliikubali kanuni kwamba serikali itokane na wingi wa Bunge. Katika serikali hiyo aliingia Ole Hansen, mkulima wa kwanza kuwa waziri nchini humo, na waziri wa elimu alikuwa J. C. Christensen, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya kijijini.

Jaribio la pili liliangukia siku ile ile niliyoitaja juu ya Ujerumani. Tarehe 30 Januari 1933, siku Hitler alipopewa ukansela, vyama vitatu vya Denmark vilifikia mapatano katika nyumba ya Waziri Mkuu Thorvald Stauning, mtaa wa Kanslergade, jijini Copenhagen. Nchi ilikuwa katika taabu: wafanyakazi hawana kazi, wakulima hawana bei, na waajiri walitaka kuwafungia wafanyakazi nje ya viwanda. Wafanyakazi walikubali thamani ya fedha ishushwe ili mkulima apate bei huko Uingereza. Chama cha wakulima nacho kikakubali bima na misaada ya kijamii ambayo hakikuipenda. Hakuna aliyepata yote aliyoyataka. Kila mmoja aliondoka amepoteza kitu, na demokrasia ikapona.

Mnamo 9 Aprili 1940 Ujerumani iliivamia na kuikalia Denmark. Vuli ya mwaka huo Hal Koch, profesa wa historia ya kanisa katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, alitoa mihadhara juu ya Grundtvig iliyojaza watu, kisha akaongoza umoja wa vyama vya vijana kuwafundisha uraia. Uchaguzi wa Bunge ulipofanyika Machi 1943, majeshi ya kigeni yakiwa nchini, karibu watu 9 katika kila 10 walijitokeza, na chama cha Kinazi cha nchi hiyo kilipata kura kama 2 tu katika kila 100.

Mwaka 1945 Koch alitoa kitabu kuuliza demokrasia ni nini. Jibu lake lilikuwa kwamba kiini cha demokrasia ni mazungumzo, yaani juhudi ya watu wenye nia tofauti kutafuta jambo lililo la haki kwa wote. Kura bila mazungumzo ni kupimana nguvu tu. Mwaka uliofuata mwanasheria Alf Ross alimjibu kwamba demokrasia ni njia ya kuamua kwa wingi wa kura, maana mazungumzo hayana mwisho na uamuzi lazima ufikiwe. Chama cha ushirika chawahitaji wote wawili: Koch kabla ya kura, na Ross saa ya kura ifikapo.

MBEGU ZILIVYOFIKA KWETU

Mwaka uleule wa 1844 ambao chuo cha Rødding kilifunguliwa, watu 28 wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao mafundi wa kufuma, walifungua duka lao mnamo 21 Desemba. Hao ndio wanaohesabiwa kuwa waasisi wa ushirika wa kisasa. Pamoja na kanuni ya mtu mmoja kura moja, baadaye walitenga asilimia 2½ ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Mwaka 1866 mchungaji Hans Christian Sonne alifuata mfano wao katika mji wa Thisted, Denmark. Hivyo mikondo miwili, ushirika na elimu ya watu wazima, ilikutana.

Huku kwetu, Kilimanjaro ilikuwa na chama kikuu cha wakulima wa kahawa, KNCU, tangu 1933, na Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Serikali ilitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi wakasoma kijitabu, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kuanzia 1975, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden na kwa msaada wa nchi hiyo, vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na leo vipo zaidi ya 50.

Lakini historia yetu pia ina onyo. Mwaka 1966 Kamati Maalum iliyoteuliwa na Rais kuchunguza ushirika ilitaja miongoni mwa kasoro kuu: wanachama wasioelewa ushirika wao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na wanasiasa. Tazama kasoro hizo kwa makini. Mwanachama asiyeelewa hawezi kumhoji mtumishi. Mtumishi asiyehojiwa huzoea kuamua peke yake. Na chama kisicho na wanachama wanaokielewa hukosa watetezi. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilifutwa kwa amri, na viliruhusiwa tena kwa sheria ya 1982.

Tumeliona pia upande wa taifa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni mwaka 1991, na takriban watu wanne katika kila watano waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, ikizingatia kwamba nao walio wachache wana haki ya kusikilizwa, na 1992 sheria ikabadilishwa. Kuruhusu vyama kulikuwa kazi ya sheria moja. Kuwazoeza watu kutofautiana bila uadui ni kazi ya kila siku, na mahali pazuri pa kuifanyia ni katika vikundi vidogo vya watu wanaofahamiana, kama vyama vyenu.

Wala tusiseme kwamba mazungumzo ni jambo la kigeni. Wazee wetu walikaa barazani, wakasemezana hata wakaafikiana, wala hawakumkatiza msemaji. Hiyo ni hazina. Lakini aghalabu barazani mwanamke na kijana walisikiliza tu. Tuichukue hazina hiyo na kuongeza viti.

YATUPASAYO KUFANYA

Nimewahi kuhudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja ambamo mapato na matumizi yalisomwa kwa kasi kama sala iliyozoeleka. Mama mmoja mzee akainua mkono, akauliza: "Mwanangu, hizo 'gharama nyinginezo' ni zipi?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akataka kuendelea. Mama yule hakuketi. Katibu alipofungua hati za malipo, ilionekana kwamba "nyinginezo" zilikuwa zaidi ya posho zote za mwaka, na nusu yake haikuwa na stakabadhi. Mama yule hakuwa na elimu ya uhasibu. Alikuwa na desturi ya kuuliza, na siku ile desturi yake iliwafaa wanachama kuliko taarifa yangu ya ukaguzi, iliyofika miezi mitatu baadaye.

Kutokana na hayo yote, natoa mashauri haya kwa Makatibu na kwa Bodi:

1. Hesabu zibandikwe ofisini mapema kabla ya mkutano, zikiambatana na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi ueleze: tumekusanya kilo ngapi, tumeuza kwa bei gani, tumekata nini, na tunadaiwa nini.

2. Muhtasari uandike maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa, pamoja na idadi ya waliokataa. Muhtasari usio na swali hata moja uwatie viongozi wasiwasi, usiwape fahari.

3. Vianzishwe vikundi vya kujifunza vya watu 8 hadi 12, bila mwalimu wa kulipwa, visome sura moja ya masharti ya chama kila vinapokutana na kuijadili. Njia hii iliwahi kuifaa Sweden, ambako Oscar Olsson aliianzisha mjini Lund mwaka 1902 kwa watu waliokuwa wamesoma kidogo tu, na ndiyo iliyotumika kwetu katika "Mtu ni Afya".

4. Mwenyekiti amlinde aulizaye. Anayechekwa leo kwa swali lake hataliuliza tena, na wenzake kumi watakuwa wamejifunza kunyamaza. Kuuliza si ujinga.

5. Vijana na wanawake wapewe kazi ndogo zenye dhamana: kushuhudia mizani, kusoma stoo, kuhesabu kura. Uongozi mkubwa hujifunzwa katika kazi ndogo.

6. Fungu la elimu katika makisio lisiwe la kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Elimu ni kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika duniani, nalo fungu hilo ndilo linalozilinda fedha za mafungu mengine yote.

Najua kwamba mashauri haya yana ugumu wake kwa Katibu. Mwanachama asiyejua hesabu hasumbui. Mkutano wake huisha mapema, na kila mtu hurudi shambani. Mwanachama aliyefundishwa huuliza, hurefusha mkutano, pengine hukosea na kumlaumu asiye na hatia. Katibu aweza kuona kwamba ujinga wa wanachama ni raha yake. Lakini na alikumbuke hili: siku fedha zikipotea, au bei ikianguka, au maneno ya uongo yakienea kijijini, wanachama wasioelewa hawawezi kumtetea hata akiwa mwaminifu, kwa maana hawana namna ya kumtofautisha na mwizi. Mwanachama anayekijua chama chake ndiye mlinzi wa kwanza wa Katibu mwema.

Wadenmark walihitaji zaidi ya miaka 100, tangu 1788 hadi 1901, kumtoa mkulima katika kifungo cha shamba na kumfikisha katika kiti cha waziri. Sisi hatuna haja ya kungoja muda huo, maana njia imekwisha kuonekana. Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila Katibu na aandike ukurasa ule mmoja wa Kiswahili chepesi, aubandike mlangoni, kisha akae tayari kuulizwa.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika